Mwalimu mpya wa sayansi, usianze na kanuni za Newton

Ukipangiwa shule huku Moshi ukakabidhiwa mada ya kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) na mwendo, usikimbilie kujaza ubao. Watoto watanakili, watakariri, na jaribio la mwezi watafaulu. Halafu waulize: mpira uliokwisha kupigwa, ukiwa bado unabiringika uwanjani, nani anausukuma? Wengi watasema nguvu ya mguu imebaki ndani ya mpira, ikiisha unasimama. Kazi yako ndiyo hiyo. Mahesabu utayafundisha kwa wiki moja.

Usiwacheke. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alifundisha kwamba kitu hakiendi pasipo kusukumwa, na ilipita karibu miaka 2,000 hadi Newton alipochapisha kanuni zake mwaka 1687.

Tafuta gololi na kipande cha bomba kilichopasuliwa, kiegemeze juu ya vitabu viwili. Achia gololi kutoka kimo kilekile, kwanza ishukie kwenye mchanga, kisha kwenye udongo ulioshindiliwa, mwisho kwenye sakafu ya saruji. Waache wapime wenyewe kwa rula. Msukumo haukubadilika, umbali umebadilika. Basi kinachosimamisha gololi ni msuguano. Sasa uliza ingekuwaje kama msuguano usingekuwepo kabisa, na unyamaze. Wape muda wabishane, hata kengele ikilia.

Baada ya hapo ndipo upande nao daladala ya Kiboriloni. Konda anagonga bodi, dereva anakanyaga breki, waliosimama wote wanaangukia mbele. Hakuna aliyewasukuma. Gari limepunguza mwendo, wao wameendelea na mwendo waliokuwa nao. Mtoto akilieleza hilo kwa maneno yake, kanuni ya kwanza ya Newton anayo: kitu hutulia au huendelea na mwendo wake uleule hadi kani ikibadilishe.

Kuna kosa la pili: kudhani kwamba kitu kilichotulia hakina kani. Wakumbushe lori lililoegeshwa kwenye mteremko wa Marangu, tairi limewekewa jiwe. Dunia inalivuta, barabara inalibeba, jiwe linalizuia. Kani zipo, ila zimesawazishana. Binafsi naona mfano huu unafaa kuliko ule wa kitabu juu ya meza, kwa sababu kila mtoto wa huku anajua jiwe likiondolewa nini kitatokea.

Tungamo (kiasi cha maada, kwa kilo) na uzito (kani inayokivuta kitu chini, kwa nyutoni) visikuchukulie muda. Mkungu wa kilo 20 sokoni Mbuyuni huvutwa na dunia kwa takriban nyutoni 200. Ukiupeleka mwezini utabaki kilo 20, lakini uzito utashuka hadi kama nyutoni 33. Wastani wa mwendokasi nao ni rahisi: Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, basi likitumia saa mbili ni kilomita 40 kwa saa, hata kama njiani lilifika 80.

Na kabla ya kugawa mizani ya springi, ile ya kupimia kani, zining'inize zote tupu uone kama zinasoma sifuri. Iliyolegea itoe, maana watoto huamini kifaa kuliko mwalimu.