Akidi imetimia, nani kasema?

Mbukwenyi wasomaji. Kwa mgeni wa safu hii: nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata hapa Dodoma. Nimestaafu, magoti yamechoka, mdomo bado. Barua za safari hii karibu zote ni za kina mama na miradi ya kijiji. Nimezifupisha.

Msomaji, Mpwapwa: Shikamoo mama. Ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Wanawake tuko saba. Tunaitwa, tunasaini mahudhurio, wanaume wanaamua. Tufanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza ujue kwamba saba nyinyi hamkuletwa na huruma ya mwenyekiti. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na sheria inataka wanawake wasipungue robo. Kwenye baraza la ardhi la kijiji, kati ya wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Viti ni vyenu.

Shida ni saa na ajenda. Nakumbuka mkutano mmoja wa kijiji ulioitwa saa nne asubuhi, mwezi wa kumi na moja, kisimani foleni ndefu. Wanawake walifika saa sita, ndoo wameziacha kwenye mstari zinalindwa na binti wa miaka kama minane. Benchi mbili zilizokuwepo zilishajaa wanaume. Kina mama wakatandika kanga nyuma, mahali kivuli cha mbuyu kilikuwa kimeshahama. Ajenda ya kwanza josho. Ya pili malisho. Ya tatu ugomvi wa mpaka, ukala saa nzima. Maji yalikuwa ndani ya "mengineyo". Tulipofika huko saa nane, kina mama walishaanza kunyanyuka mmoja mmoja, ndoo zao zingerukwa. Kwenye taarifa ya robo mwaka paliandikwa: "Wanawake walishiriki kikamilifu." Mwandishi wa sentensi hiyo ni mimi. Niliwahesabu kwa saini.

Kwa hiyo mfuate mtendaji wa kijiji mapema, maana yeye ndiye katibu, umwombe mkutano uwe mchana baada ya maji, na jambo lenu, tuseme kisima, liwe ajenda ya pili. Jioni ya kuamkia mkutano, kutaneni saba nyinyi kwa mmoja wenu mpange nani aanze na nani amfuate. Mwanamke mmoja akisema, wataambiana ana mdomo. Wa pili akiunga mkono na wa tatu akaongezea, katibu atashika kalamu. Dai muhtasari usomwe kabla ya kufunga. Na chai ipikwe na asiye mjumbe! Nimewahi kuona eneo la malisho linagawiwa huku wajumbe wawili wakiwa jikoni wanamenya viazi.

Msomaji, Chamwino: Kikundi chetu cha wanawake sita kinataka mkopo wa asilimia kumi. Mume wangu anasema nikipata fungu langu nimpe aongezee bodaboda. Ninaogopa ugomvi.

Mwambie baba watoto kwamba hakuna fungu lako. Halmashauri ya wilaya inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, na unaingia kwenye akaunti ya kikundi kwa ajili ya mradi mlioandika. Hizo ndizo fedha zilizosimamishwa 2023 kwa sababu watu walikopa kwa vikundi hewa, zikarudi 2024 kwa utaratibu mkali zaidi. Mkigawana, mmeingia kundi hilohilo.

Halafu mnaombea mradi gani? Hukuniambia. Kikundi kimoja nilichokisimamia kilichukua kuku wa kienyeji mwezi wa tano, kwa hesabu nzuri kabisa ya mayai kwenye karatasi. Hatukuweka shilingi moja ya chanjo. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukapita mwezi wa nane. Asubuhi moja nilifika nikakuta mama mmoja anachimba shimo nyuma ya banda, kando yake kiroba kimejaa kuku, hasemi kitu. Chanjo ile ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Walilipa marejesho kwa kuuza karanga za chakula. Wekeni chanjo kwenye andiko, au chagueni alizeti, lakini basi ombeni rejesho la kwanza lije baada ya mavuno. Mkianza kudaiwa mwezi wa pili, shamba likiwa bado kijani, mtakopa kwingine kulipa huku.

Kuhusu ugomvi: mwalike mumeo siku ya kikao aone daftari. Wengi hunyamaza wakiona majina sita yamedhaminiana.

Msomaji, Kondoa (mwanamume): Kila mradi wanawake, wanawake. Hata TASAF hela anapewa mke wangu. Sisi tumekosa nini?

Mzee mwenzangu, ule ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kaya ni yako pia. Anayepokea huwa mama mara nyingi kwa sababu masharti yake ni watoto kwenda kliniki na shule, na kliniki sijakuona sana. Ila sehemu moja nakubaliana nawe: mradi ukimwita mama kwenye semina siku nne bila kumweleza mumewe chochote, nyumba inachemka na anayeungua ni yeye. Hilo nililisema kazini, sikusikilizwa.

Msomaji, Bahi: Nimelima jaruba la mpunga miaka 12. Mume anataka kuliuza, anasema mila haimpi mke ardhi na alinunua yeye. Hati hatuna.

Hili usilaze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu. Uhamisho wa ardhi ya kijiji unapita halmashauri ya kijiji, na haitakiwi kuukubali kama unamnyang'anya mwanamke haki yake. Kesho peleka pingamizi la maandishi kwa mtendaji, nakala igongwe muhuri ubaki nayo. Wakikupuuza, nenda baraza la ardhi la kijiji, kisha la kata. Hayo husuluhisha tu. Uamuzi wenye meno uko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nyumba mnayoishi ina ulinzi wake: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu aiuze bila ridhaa yako.

Kuhusu "nilinunua mimi": mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Wewe una miaka 12 ya kupandikiza mpunga matope yakiwa magotini. Majirani wa majaruba ya pembeni wamekuona. Waombe mapema wawe mashahidi. Mkishatulia, ombeni hatimiliki ya kimila yenye majina yenu wawili.

Msomaji, Kongwa: Nimeambiwa mwanamke hawezi kuwa mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji kwa sababu hajui mashine.

Mashine ina fundi, analipwa. Mwenyekiti anahitaji kujua fedha za ndoo zimefika ngapi na zimekwenda wapi. Chukua fomu.