Sheli inayovuja karibu na bahari: panga sampuli kabla ya kuita mashine ya kuchimba

Msomaji mmoja wa Mtwara mjini ametuandikia. Jirani na kwao kuna sheli ya zamani iliyofungwa, maji ya kisima cha uani yananukia petroli, na mwenye kiwanja ameahidi kuleta mashine. Anauliza: "Ndugu, yachimbwe mashimo mangapi ili tujue ukweli?"

Ndugu yetu, idadi ya mashimo huja mwisho. Ripoti inaweza kuandika "hakuna uchafuzi" kwa sababu tu shimo lilichimbwa upande usiofaa, au bomba lake lilitobolewa chini mno. Ripoti ya hivyo ina madhara kuliko kutopima kabisa, maana watu wanarudi kuteka maji kwa moyo mweupe, na karatasi yenye muhuri wanayo.

Anza na karatasi na watu. Tafuta mchoro wa matenki na mabomba, na daftari la dipu linaloonyesha mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa na yaliyobaki. Wahudumu wa zamani wa pampu waulizwe kwa adabu wapi palikuwa panamwagika, tenki gani lilikuwa linaingiza maji. Kama sheli ilifanya kazi kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi kwenye orodha ya vipimo, maana petroli ya wakati huo ilitiwa risasi. Vingine ni benzini (kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli), toluini, ethilibenzini, zailini, naftalini na jumla ya mafuta ya petroli na dizeli. Ongea mapema pia na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, msisubiri mashine ifike getini.

Udongo uchukuliwe pale mafuta yanapotokea: kwenye midomo ya kujazia, chini ya kila pampu, kwenye maungio ya mabomba, kwenye ncha mbili za kila tenki na pembeni ya mtego wa mafuta, yaani shimo linalotenganisha mafuta na maji machafu. Mita 1.5 za kwanza zichimbwe kwa mkono, kwa sababu ya mabomba na nyaya. Kitako cha tenki mara nyingi kiko mita 3 hadi 4 chini, kwa hiyo shimo lililoishia mita 2 halijaona kitu. Kila nusu mita, tia udongo kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, nusu yake tu, ufunge, subiri dakika 10, kisha choma ncha ya kipima mvuke. Penye usomaji mkubwa kuliko kote ndipo pa kuchukulia sampuli ya maabara, na nyingine ichukuliwe juu kidogo tu ya maji. Udongo wa kupima benzini haukorogwi kwenye beseni. Kata kipande cha gramu 5 kwa bomba la sindano lililokatwa ncha, kitumbukize papo hapo kwenye kichupa chenye methanoli. Ukiukoroga, umeiachia benzini iende na upepo.

Sasa maji, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo hukaa juu yake ikielea. Maji nayo hupanda na kushuka. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kila maji yanaposhuka petroli hushuka nayo ikiupaka udongo njiani. Kwa hiyo sehemu yenye matundu ya bomba la kisima cha uchunguzi lazima ivuke usawa wa maji: ianze kama mita 1 juu ya usawa wa juu kabisa wa mwaka, iishie mita 2 chini ya ule wa chini kabisa. Ukiyazamisha matundu yote chini ya maji, mafuta yataelea nje ya bomba na wewe utateka maji safi. Bomba la plastiki la milimita 50 linatosha. Maungio yawe ya kuzungusha, bila gundi, kwa sababu gundi ya mabomba ina viyeyushi vitakavyotokea kwenye majibu. Zungusha mchanga safi hadi nusu mita juu ya matundu, halafu bentonaiti (udongo unaovimba ukilowa na kuziba) kama mita 1, halafu saruji. Kwenye mchanga unaobomoka shusha bomba la nje kwanza, la sivyo shimo litakufia.

Mwelekeo wa maji hauonekani kwa mteremko wa barabara. Unahitaji visima visivyopungua vitatu, vilivyokaa pembetatu, midomo yake imepimwa urefu na mpima ardhi. Pwani mteremko wa maji ni mdogo mno. Ukiwa 0.002, yaani milimita 2 kwa kila mita, visima vilivyoachana mita 30 hutofautiana sentimita 6 tu, na kosa la sentimita 3 la kupima linatosha kuugeuza mshale wa ramani yako.

Halafu kuna bahari. Maji yakijaa, usawa wa kisima cha karibu na ufuko hupanda, yakipwa, hushuka. Mtu akipima kisima cha kwanza asubuhi na cha tatu mchana, amepima saa mbili tofauti za bahari akadhani amepima ardhi. Pimeni visima vyote kila saa kwa saa 25, wakati wa bamvua ambapo tofauti ni kubwa, kisha chukueni wastani. Penye jabali la matumbawe ongezeni uangalifu: maji hupita kwenye mapango na nyufa, yanaweza kukwepa visima vyote vitatu na kutokeza uani kwa mtu. Ndiyo maana visima vya majirani viingie kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Na hata iweje, fundi asishushwe ndani ya kisima kinachonuka petroli. Mvuke huo unaua.

Kabla ya kuteka, shusha kipimo kinachotofautisha mafuta na maji. Ukikuta mafuta yanaelea, andika unene wake na usipeleke maji ya kisima hicho kupimwa benzini. Kumbuka kwamba unene wa kisimani kwa kawaida huzidi ule wa ardhini. Visima vingine vuta polepole, kati ya lita 0.1 na 0.5 kwa dakika, usawa usishuke zaidi ya sentimita 10. Chukua sampuli pale pH (kipimo cha uchachu), upitishaji wa umeme na oksijeni vinapotulia kwa usomaji mitatu mfululizo. Jenereta iwe upande upepo unakoelekea, na aliyetia mafuta kwenye jenereta asishike vichupa.

Vichupa ni vya kioo, mililita 40, vijae hadi kisibaki kiputo. Kwa kawaida huwekwa asidi kidogo na maji yanadumu siku 14. Lakini maji ya matumbawe yana chokaa: asidi ikiingia yanatoa mapovu kama soda, na benzini inatoka na mapovu hayo. Jaribu kwenye kichupa kimoja kwanza. Yakitoa mapovu, usitie asidi, na maabara ipime ndani ya siku 7. Ikiwa maabara iko Dar es Salaam, panga usafiri kabla ya kuteka. Deli lijae barafu, nyuzi 0 hadi 6, na ndani yake kiwemo kichupa cha maji safi kutoka maabara kilichosafiri kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Katika kila sampuli 10, moja irudiwe.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa benzini katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye asilimia 1 ya benzini inatosha kufikisha zaidi ya lita 800,000 za maji kwenye kikomo hicho. Kwa hiyo msikubali mtu aseme "ni harufu tu". Mwambieni mwenye kiwanja mapema kwamba duru za kuchukua sampuli ni mbili: moja Oktoba maji yakiwa chini, nyingine Aprili yakiwa juu, na kila jirani apewe namba za kisima chake kwa maandishi pamoja na kikomo pembeni yake. Kisima cha uani kwenu kisinywewe wala kupikiwa, kuanzia leo, hata kama mashine itachelewa.