Fundi, Madirisha Yangu Yanalia

*Mzee, salamu. Mwaka jana tulihamia nyumba yetu Ruai. Fundi alitutengenezea madirisha tisa ya saiprasi. Januari yaliachia nafasi, vumbi likawa linaingia. Mvua za Machi zilipoanza, mbawa mbili (zile sehemu zinazofunguka) za upande wa mashariki zikakwama, na maji yanashuka kwenye pembe ya chini hadi kwenye kochi. Puti inayoshika vioo nayo inaanguka vipande vipande. Fundi anasema tujaze silikoni kila mahali. Mume wangu anasema tung'oe tuweke alumini. Nimsikilize nani? – Mama wa watoto watatu, Ruai*

Mama, mpe mzee wako chai, asing'oe kitu kwanza. Fundi naye mnyang'anye hiyo silikoni. Ukiziba kila ufa wa dirisha linalovuja, maji yaliyokwisha kuingia hayana pa kutokea. Mbao inaozea ndani huku rangi inang'aa nje. Niliwahi kuchomeka bisibisi kwenye fremu ya namna hiyo kule South B, ikazama hadi mpini kama nachoma mkate uliolowa chai.

Hizo nafasi za Januari zinanionyesha mbao ilikuwa mbichi, ikakaukia ukutani. Mbao haipungui kwa urefu, inapungua kwa upana. Kipande cha saiprasi cha milimita 100 kikitoka kwenye ubichi hadi kukauka hupoteza milimita mbili au tatu. Ulimi, ile ncha iliyochongwa kuingia kwenye mbao ya pili, ukikonda ndani ya tundu lake, kiungo kinalegea, ubawa unashuka upande wa komeo, na mvua ikija unavimba na kukwama chini. Kwa hiyo ugonjwa wako ni mmoja, ila una sura mbili.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa pili wa kujitegemea nilipata kazi ya madirisha manane, nyumba iko karibu na Dagoretti Corner. Nilinunua mbao za inchi sita kwa mbili Gikomba asubuhi, utomvu bado unanata mkononi, na kufikia jioni nilikuwa natoboa matundu. Februari mwenye nyumba akaniita. Hakugomba. Alitoa shilingi moja mfukoni akaipitisha kwenye kiungo, kati ya ulimi na tundu lake, ikaangukia upande wa pili. Nilirudia yote manane kwa pesa yangu.

Tangu siku hiyo sinunui mbao kwa kuitazama. Nakata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Nakipima kwenye mzani wa duka, nakikausha polepole kwa moto mdogo siku mbili tatu, hadi uzito ukome kushuka. Kikianza na gramu 500 na kuishia 400, maji ni gramu 100, yaani asilimia 25 ya mbao kavu. Hiyo haijafika. Ya dirisha la Nairobi naitaka kati ya 12 na 15. Ukinunua ile iliyokaushwa kwenye tanuri utalipa zaidi. Ukiikausha mwenyewe, ipange kivulini, kila ubao utenganishwe na mwenzake kwa vijiti, uhesabu miezi. Usihesabu wiki.

Lakini madirisha yako tayari yako ukutani, kwa hiyo tutibu yaliyopo. Subiri jua la siku kadhaa. Toa hizo mbawa mbili, zifungue kwenye viungo, futa gundi ya zamani, kisha zirudishwe kwa gundi isiyoogopa maji na kabari nyembamba za mbao ngumu kila upande wa ulimi. Kabla gundi haijakauka, pima kwa futi kutoka pembe hadi pembe, halafu pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, ubawa umekaa mraba. Visipolingana, sukuma sasa, kesho utakuwa umechelewa. Randa kingo hadi ubawa uachane na fremu kwa milimita mbili au tatu pande zote, maana rangi nayo inataka nafasi yake.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hapa mjini wanalipita kama hawalioni: ncha za mbao. Fanya jaribio hili jikoni. Chukua kipande cha saiprasi kikavu, kisimamishe ndani ya kikombe chenye maji ya vidole viwili. Kingine kilaze ubavu juu ya sahani yenye maji. Baada ya chakula cha mchana vitazame. Kilicholala kimelowa ngozi tu. Kilichosimama, weusi wa unyevu umepanda juu ya mstari wa maji, kwa sababu mishipa iliyokuwa ikipandisha maji mti ukiwa hai bado iko wazi. Pembe ya chini ya ubawa wako ni kikombe hicho hicho. Nguzo ya pembeni inakanyaga maji kwa ncha yake, na ncha hiyo haikuwahi kuonja rangi kwa sababu fundi alipaka dirisha likiwa limeshafungwa. Mbawa zikiwa nje, zipindue na uzipake praima, ile rangi ya kwanza, kichwani na miguuni, mara mbili, hadi ncha ziache kunywa. Andakoti, yaani rangi ya katikati, na rangi ya mwisho zifuate.

Kisha inama utazame chini ya kizingiti cha dirisha, upande wa nje. Pitisha kidole. Kuna mfereji mdogo unaokwenda urefu wote? Nina wasiwasi hakuna, au upo na umejaa rangi. Tone la maji halianguki likifika ukingoni. Linageuka, linang'ang'ania chini ya mbao na kutambaa kurudi ukutani, kutoka hapo linaingia kwenye plasta na ndani. Likikuta mfereji wa upana wa milimita 10 na kina cha milimita 6, haliwezi kuupanda, linadondoka. Mfereji uwe karibu na ukingo wa nje, usisukumwe hadi ukutani. Na juu, kizingiti kiwe na mteremko unaoonekana kwa macho, kila sentimita nane za upana zishuke sentimita moja. Cha kwako nadhani kimelala kama meza.

Puti inaanguka kwa sababu ilitiwa kwenye mbao kavu isiyo na praima. Puti ya kawaida ni chaki na mafuta ya linsidi. Mbao tupu inayanyonya mafuta, chaki inabaki peke yake, inapasuka. Ng'oa yote. Ile ngazi ya kukalia kioo, sisi tunaiita ribeti, ipake praima na uiache ikauke. Tandaza puti nyembamba ribeti nzima *kabla* ya kioo. Hapa ndipo wengi wanaiba, wanaweka kioo juu ya mbao tupu na kupamba nje tu. Bonyeza kioo kwenye kingo, kamwe si katikati, hadi puti ijitokeze upande wa ndani. Kaza kwa vijisumari vilivyolala sambamba na kioo. Puti ya nje ikatwe kwa kisu mara moja, kwa mshazari, na ukiwa ndani ya chumba usiione ikichungulia juu ya ukingo wa mbao. Ngoja wiki moja au mbili itengeneze ngozi, ndipo upake rangi, na rangi ivuke puti iingie kwenye kioo milimita mbili. Kamstari hako kembamba ndiko kanakofunga mlango wa maji. Watu wanakakwangua kwa wembe ili kioo kiwe safi! Usikakwangue.

Kuhusu alumini, sina ugomvi nayo. Lakini mwambie mzee kwamba hata fremu ya alumini ina vitundu chini vya kutolea maji, na nimeona mafundi wakiviziba kwa silikoni.

*Fundi, kioo kipya cha chumbani kimepasuka usiku, hakuna aliyekigusa. Ufa umeanzia kwenye pembe. Je, ni kioo duni? – Kijana wa Kayole*

Kioo hakina kosa, kijana. Kilikatwa kikajaa ribeti pomoni, au kuna kichwa cha msumari kinachokisukuma. Mbao ilipovimba kikakosa pa kwenda. Kioo kiwe kidogo kuliko nafasi yake, milimita mbili au tatu kila upande, na chini kikalie vipande viwili vidogo vya mpira au mbao ngumu, si mbao ya fremu yenyewe. Na kama fremu haiko mraba, mkata kioo apelekewe karatasi iliyokatwa kwa umbo lake. Vipimo vya mdomo havitoshi.

*Mzee, naishi kando ya Thika Road, matatu hazilali na mimi silali. Madirisha ni ya mbao, ya zamani, mazuri. Naweza kuweka vioo viwiliviwili kama vya Ulaya? – Mwalimu mstaafu, Roysambu*

Mwalimu, shikamoo. Vile vya Ulaya vinazuia baridi kwanza, na baridi yetu ya Julai inatibika kwa sweta. Kelele ni habari nyingine. Inapita pale pale upepo unapopita, kwa hiyo usiku washa mshumaa na uuzungushe polepole kando ya ubawa uliofungwa, mapazia yakiwa mbali. Moto ukilala, hapo ndipo matatu zinapoingia. Bandika ukanda wa mpira kwenye fremu, ubawa uubane ukifungwa. Rekebisha na komeo livute barabara. Anza na hilo, ni kazi ya Jumamosi moja.

Ikiwa bado husikii redio yako, badili kioo kiwe kile cha matabaka mawili yaliyogandishwa na utando katikati, unene wa milimita sita na kidogo. Kinameza sauti kuliko kioo cha kawaida cha unene huo, na mara nyingi ribeti ya zamani inakimudu. Ila kisikae kwenye puti ya linsidi, mafuta yake yanaushambulia utando ule kingoni. Tumia silikoni isiyonuka siki, na bidi za mbao, vile vipande vyembamba vinavyobana kioo.

Vioo viwili vyenye hewa kati, ukihesabu nne, kumi na mbili na nne, ni milimita 20 kabla ya bidi. Ribeti yako haina kina hicho, na ukiichimba zaidi utabaki na ubawa mwembamba kama rula. Halafu uzito: kila milimita moja ya kioo ni kilo mbili na nusu kwa mita mraba, kwa hiyo vioo hivyo viwili vya nne ni kilo 20. Bawaba mbili za zamani zitakulilia. Ukitaka lazima, tengeneza mbawa mpya, bawaba tatu kila moja, na mwambie fundi atoboe vitundu vya kutolea maji chini ya vioo. Asipoelewa unachomwambia, tafuta mwingine.