Sigara na bia za Ijumaa: je, koo liko salama?

Kaka, umeuliza kama kuna shida kuvuta sigara ukiwa na bia tu, Ijumaa kwa Ijumaa. Shida ipo, na iko hapo hapo kwenye "ukiwa na bia". Tumbaku peke yake huleta saratani ya mdomo na koo, pombe peke yake pia huleta. Zikikutana, hatari haijumlishwi, inazidishwa. Pombe hufungua njia kwenye utando wa ndani ya mdomo, sumu za moshi zikapenya kirahisi. Halafu yenyewe hugeuka asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na kazi hiyo huanza mdomoni kwa bakteria waliomo. Bia, mvinyo au gongo, kilevi ni kilekile. Ugoro na kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni) navyo vimo, asikudanganye mtu kwamba ni salama kwa kuwa havina moshi.

Mjomba wangu alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mchele, wala hakiumi. Akasema ni jino linamkwaruza. Alisukutua maji ya chumvi miezi minne! Alipofika hospitali, tezi ya shingo ilishavimba.

Kidonda kisichopona wiki tatu, doa jeupe au jekundu mdomoni, sauti iliyokauka bila mafua, uvimbe shingoni: nenda ukaangaliwe, hata kwa daktari wa meno. Na sigara ziache kaka, nakuomba. Ukiacha, ndani ya miaka 5 hadi 10 hatari ya saratani hizi hushuka karibu nusu.