Hospitali haibomoki yenyewe

Msomaji wa Likoni ameandika: "Maalim, shikamoo. Katika habari za vita, redio moja husema 'shambulio', nyingine 'shambulizi'. Lipi ndilo sanifu?"

Marahaba, mwanangu. Yote mawili ni sanifu. Yametokana na kitenzi shambulia, na wingi wake ni mashambulio na mashambulizi. Tumia ulipendalo. Ugomvi wangu ni na maneno yanayoandamana nalo, na kwa kuwa umenifungulia mlango, naingia.

Sikiliza taarifa ya habari ya saa moja usiku, siku yoyote ambayo kuna vita mahali. Utaambiwa: "Hospitali imebomoka katika shambulio na watu kadhaa wamepoteza maisha." Imebomoka! Nyumba kuukuu ya Mji wa Kale iliyolowa mvua ya masika, hiyo hubomoka. Hospitali iliyopigwa kombora imebomolewa. Tofauti hii kila mama wa Kiswahili anaijua bila ya kusomeshwa sarufi: mtoto akiangusha kikombe husema "kimevunjika", na mama hamwachi aende zake na kauli hiyo. Atamuuliza, kimevunjwa na nani?

Kauli ya kutendeka, kama hiyo ya "imebomoka", ina kazi yake halali. Inaeleza kitu kiko katika hali gani, na haina nafasi ya mtendaji. Huwezi kusema "hospitali imebomoka na ndege", lugha yenyewe itakukatalia. Kauli ya kutendwa angalau huacha pengo linalosikika: ukisema "imebomolewa", masikio yanangoja "na". Ukisema "imebomoka", hakuna anayengoja kitu. Mwandishi amekwisha kutuamulia kwamba aliyefanya si jambo letu.

Chukua mfano wa Kunduz, Afghanistan. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kivita ya Marekani iliipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka na kuua watu 42, wagonjwa na wauguzi wao wakiwemo. Taarifa ya mwanzo ya kijeshi ilisema shambulio hilo huenda lilileta madhara ya pembeni kwa kituo cha afya kilichokuwa karibu. Soma tena: huenda, pembeni, karibu. Maneno matatu, na kila moja linamsogeza muuaji mbali na kitanda cha mgonjwa. Sasa tuiandike habari hiyo kwa Kiswahili. "Hospitali yabomoka, 42 wapoteza maisha." Hapo msomaji atadhani ni tetemeko la ardhi. "Hospitali yabomolewa, 42 wauawa." Afadhali, ila bado tunangoja. "Ndege ya Marekani yaua watu 42 hospitalini." Hiyo ndiyo habari! Wala haihitaji ujuzi wa ajabu, inahitaji kitenzi kipewe mwenyewe. Na kanuni ni hiyo hiyo kwa hospitali ya uzazi ya Mariupol, Ukraine, iliyopigwa na ndege za Urusi tarehe 9 Machi 2022. Sarufi haina taifa.

Na hilo "kupoteza maisha"? Anayepoteza ufunguo hakuwa mwangalifu. Aliyeuawa kwa bomu akiwa amelala hakupoteza chochote, alinyang'anywa. Usemi huu umetujia kwa tafsiri. Vyumba vyetu vya habari havina mwandishi Kunduz wala Mariupol, hupokea taarifa za mashirika ya nje na kuzitafsiri mbio kabla ya saa ya matangazo. Haraka hiyo naielewa. Lakini mfasiri anayehamisha maneno bila kuuliza nani kasema, na kajuaje, amehamisha pamoja nayo upendeleo wa aliyeyaandika.

Upendeleo huo hukaa pia katika vitenzi vya kusema. Upande mmoja "umethibitisha", wa pili "unadai", na ushahidi wa wote wawili hakuna aliyeuona. Kuthibitisha kunatokana na thabiti, neno la Kiarabu, kitu kisichotikisika. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alilieleza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Vyombo vingi vikubwa viliyabeba madai yale kama ushahidi, na vita vikaanza mwezi Machi. Mwaka 2004 wachunguzi wa Marekani wenyewe waliripoti kuwa akiba ya silaha hizo haikuwepo, na Mei mwaka huo gazeti la New York Times likakiri kwa wasomaji wake kwamba baadhi ya habari zake hazikupekuliwa inavyostahili. Watu walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Nasi tusijitoe. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Serikali yetu haikutaja idadi ya waliouawa. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja karibu 200, na jeshi letu likakanusha. Neno "mashujaa" tulilisikia sana, na waliostahili walistahili, ila shujaa naye ana haki ya kuhesabiwa. Sisemi mwandishi asiwe na upande moyoni. Washairi wa Mvita, yaani Mombasa, wa karne ya 19, waliotupiana beti na wenzao wa Lamu, walikuwa na upande wao na waliutaja wazi. Wa leo huuficha ndani ya kitenzi, kisha akajiita asiyependelea.

"Kupoteza maisha" nimeshindwa kulifukuza, limeshaingia hata katika matangazo ya tanzia. Kwa ajali ya barabara ya Mariakani nitalivumilia. Kwa mtu aliyeuawa vitani silikubali, na mhariri anayelipitisha nitazidi kumwandikia.