Kompyuta ya kutazamia video: acha kuuliza GB za grafiki, uliza kizazi

Wiki moja baada ya harusi ya mpwa wangu tulikusanyika kwa mama, Tabata, kutazama video. Mama hakuweza kwenda ukumbini kwa sababu ya mguu, kwa hiyo ile video ndiyo ilikuwa harusi yake. Kijana aliyerekodi alitumia iPhone, akanipa faili kwenye flashi. Nikachomeka waya wa HDMI kwenye TV, mama akasogezewa kiti mbele, nikabonyeza.

Ilianza kwa kusuasua. Walipofika kwenye keki, picha ikaganda kabisa: kisu kimesimama katikati ya keki, mikono miwili juu yake, huku vigelegele vinaendelea na MC anaongea. Feni ya kompyuta ikawa inavuma. "Mwanangu, mbona wamesimama?" mama akauliza. Nikafunga, nikafungua tena, mambo yakawa yaleyale. Iliniuma sana.

Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeinunua Kariakoo, iliyotumika, Core i5 yenye RAM ya GB 8. Muuzaji alinisisitizia: "Bosi, hii ina kadi ya grafiki ya peke yake, ya GB 2, hata video za 4K inapiga." Nikaongeza hela kwa ajili ya hizo GB 2. Kumbe kwa anayetaka kutazama video tu, hizo GB hazikuwa kitu cha kuulizia.

Fremu moja, yaani picha moja ya video, ya Full HD ina pikseli (vidoti vya picha) 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Ya 4K ina zaidi ya milioni 8, na kila sekunde zinapita fremu 30 au 60. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kukaa kwenye simu bila kubanwa, na ubanaji una mifumo yake: H.264 ya mwaka 2003, HEVC ambayo pia huitwa H.265 ya mwaka 2013, VP9 ya Google, na AV1 ya mwaka 2018. Video iliyobanwa kwa mfumo fulani lazima ifunguliwe na kifaa kinachoujua mfumo huohuo. Ndani ya chipu ya grafiki kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni hiyo tu, kufungua video. Mimi huiita king'amuzi, maana kazi yake haina tofauti na kile kiboksi cha chini ya TV. TV iwe ya inchi 65, kama king'amuzi hakielewi kinacholetwa hutaona kitu. Kwenye kompyuta angalau prosesa hujaribu kubeba kazi hiyo yenyewe, na hapo ndipo picha zinaanza kukwama, feni inavuma na betri inaisha mapema.

Zile GB za kadi ni kumbukumbu ya kuwekea vitu vya gemu, michoro ya 3D na kazi za kuhariri. Kadi yangu ilikuwa ya mwaka 2014. King'amuzi cha HEVC hakikuwamo ndani yake, wala kwenye grafiki iliyomo ndani ya prosesa, kwa sababu ile i5 ilikuwa ya kizazi cha nne, yaani toleo la nne la prosesa hizo.

Kwa hiyo soma namba ya prosesa. i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-7200U ni cha saba, i5-10210U ni cha kumi, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Kwa upande wa Intel, grafiki ya kizazi cha sita inafungua HEVC ya kawaida, ile ya biti 8 (biti hapa ni kipimo cha wingi wa rangi). Kizazi cha saba ndicho kilichofungua mlango: HEVC ya biti 10 na VP9. AV1 ilikuja na kizazi cha kumi na moja, mwaka 2020. Ukikutana na AMD, Ryzen za kompyuta mpakato zenye grafiki ndani, kuanzia zile za mwisho wa 2017, zinafungua HEVC ya biti 10 na VP9.

Usiidharau hiyo tofauti ya biti 8 na 10. iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017, na kuanzia iPhone 12 zinarekodi HDR, yaani video yenye mwanga na rangi pana zaidi, ambayo ni ya biti 10, bila wewe kuchagua. Ndiyo maana mtu mwenye kizazi cha sita anaweza kucheza video ya simu ya zamani vizuri, halafu ya simu mpya ikamshinda, akadhani faili limeharibika.

Kuna jambo watu wanalichanganya, nami nililichanganya. Kadi nzuri haiongezi ung'avu wa picha. Ikifungua faili sawasawa, pikseli ni zilezile. Kinachobadilika ni ulaini wa mwendo. Kama kioo chako ni cha 1366 kwa 768, kina pikseli milioni 1 na kidogo tu, hata ukicheza 4K utaona milioni 1. Pesa ya kadi ya ziada ni heri uiweke kwenye kioo cha Full HD chenye rangi nzuri.

Ukienda dukani, beba flashi yenye video mbili fupi: moja ya H.264, nyingine ya 4K kutoka simu mpya. Zicheze kwa VLC, programu ya kuchezea video, kioo kizima, kwa dakika tano. Kisha fungua Task Manager ya Windows, sehemu ya Performance, bonyeza GPU, yaani grafiki. Mstari wa Video Decode ukipanda huku CPU, yaani prosesa, imetulia, king'amuzi kinafanya kazi. Video Decode ikilala na CPU ikakimbilia 100%, angalia kwanza draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia grafiki. Fundi akishaweka Windows upya bila draiva ya grafiki, Device Manager huandika Microsoft Basic Display Adapter, na hapo hata mashine nzuri itakwama.

Kama huna hela ya kubadilisha sasa, usihangaike. Kwenye iPhone ingia mipangilio ya Camera, kisha Formats, uchague Most Compatible, itarekodi H.264. YouTube ikikwama, weka kwenye kivinjari kiongezi cha namna ya h264ify, kinachoifanya YouTube ilete video za H.264. Itaishia 1080p, lakini itatembea.

Faili la harusi nililipitisha kwenye HandBrake, programu ya bure, nikaligeuza kuwa H.264 ya 1080p. Kompyuta ileile ya kizazi cha nne ilifanya kazi usiku kucha. Jumapili iliyofuata nikarudi Tabata. Kisu kikashuka hadi chini ya keki, mpwa wangu akamlisha mumewe, na mama akaniomba nirudishe nyuma aone tena.