Tumbo Limepunguzwa, Sahani ya Bukari Ni Ileile

Mwaka wa 2019 nilisafiri kutoka Lubumbashi kwenda India nikiwa na kilo 128, nikafanyiwa upasuaji ambao madaktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula, au zaidi, na kubakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Nilirudi nyumbani Kampemba, hapa Lubumbashi, na karatasi ya maelekezo iliyotaja mtindi, supu ya dengu na jibini laini, lakini haikuwa na neno hata moja juu ya bukari (ugali), ndakala (dagaa) wala sombe (majani ya muhogo). Ninamwandikia yule atakayerudi na karatasi kama hiyo, akaketi mbele ya sufuria ya kwao asijue aanzie wapi.

Hatua za mwanzo nitazipita haraka, kwa sababu kila hospitali huzieleza: majuma ya kwanza ni vinywaji tu, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na baada ya majuma sita hadi manane mtu huanza kurudia chakula cha kawaida. Usiruke hatua hata kama husikii maumivu, kwa maana mshono wa ndani hauonekani na hupona kwa wakati wake.

Kazi kubwa kwangu ilikuwa kuugeuza mpangilio wa sahani. Sisi tumelelewa kuona bukari kuwa ndicho chakula chenyewe, na mboga kuwa kitu cha kuitelemsha. Mtu aliyekula samaki bila bukari atakuambia kwamba hajala. Sasa tumbo lenye nafasi ya vijiko vichache likijazwa wanga kwanza, hakuna mahali panapobaki kwa protini, na wataalamu wa lishe wanamtaka mtu aliyepasuliwa apate angalau gramu 60 za protini kila siku ili asipoteze misuli pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo hesabu hiyo haifikiwi kwa bahati. Mimi huanza na samaki, yai, maharage yaliyopondwa au kuku aliyeiva hadi nyama ikaachana na mfupa, kisha majani, na bukari huja mwisho, tonge mbili ndogo, na siku nyingine haifikiwi kabisa. Ndakala wakavu wamenisaidia kuliko kitu chochote kinachouzwa kwenye makopo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na hupatikana katika kila soko la mji huu. Nawaloweka, nawaondoa vichwa, nawapika polepole na nyanya hadi walainike. Sombe nayo hushuka vizuri kwa sababu imetwangwa, ila namwomba dada yangu anitengee sehemu yangu kabla hajamimina mawese. Nyama ya mbuzi ya kuchoma niliionja mapema mno, mwezi wa tatu baada ya upasuaji, nikaimeza bila kuitafuna vya kutosha, ikanikaa kifuani kwa saa nzima nikitokwa na mate na jasho. Tangu siku hiyo natafuna kila kipande hadi kiwe uji mdomoni, na mlo mmoja hunichukua dakika 20 hadi 30.

Maji hayanywewi pamoja na chakula. Nasubiri nusu saa baada ya kula, kisha nakunywa kidogo kidogo hadi jioni nifikishe lita moja na nusu. Katika joto la Oktoba, kabla ya mvua, natembea na chupa yangu popote ninapokwenda, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kupokea kwa mkupuo mmoja maji yaliyosahauliwa tangu asubuhi.

Nilikosea mara mbili, na makosa hayo yalikuwa ya pande mbili zinazopingana. La kwanza lilikuwa woga. Kila mizani iliposhuka nilizidi kujinyima, nikawa nakula mara mbili kwa siku, na vidonge vya vitamini vilipoisha sikununua vingine, nikidhani vilikuwa vya miezi ya mwanzo tu. Kufikia mwezi wa sita nywele zilikuwa zinabaki kwenye kitana, kizunguzungu kilinishika nikipanda ngazi, na vipimo vya damu vikaonyesha kwamba nimepungukiwa na madini ya chuma. Nywele hupungua kwa wengi baada ya upasuaji huu na kwa kawaida huota tena, lakini njaa ya makusudi inaongeza hasara. Vitamini B12, chuma, kalsiamu na vitamini D ni vya maisha yote. Chuma na kalsiamu vimezwe kwa kupishana saa mbili, kwani kimoja huzuia kingine kuingia mwilini. Na mtu anayetapika siku kadhaa mfululizo asijitibu nyumbani: vitamini B1 inaweza kumwishia kwa majuma machache tu na ubongo ukadhurika. Ninaomba jambo hili lisomwe mara mbili.

Kosa la pili lilikuja mwaka wa pili, njaa iliporudi. Sikuwa nakula sahani kubwa hata siku moja, ila nilikuwa nakunywa munkoyo (kinywaji chetu cha mahindi) wenye sukari na chai tamu, nikila mandazi laini na karanga nilizokuwa nikiokota kila nilipopita mezani. Katika miezi minane nilirudisha kilo 11. Ndipo nilipoelewa kwamba tumbo dogo humlinda mtu dhidi ya bakuli, lakini vitu vya majimaji na vilaini hupita tu, na haba na haba hujaza kibaba. Nilijaribu kujifungia kwa juma zima na matango na maji ya ndimu, jioni ya saba nikala mandazi kuliko mwezi wote uliotangulia. Kilichonisaidia ni saa: milo mitatu na kitafunwa kimoja, kwa nyakati zilezile, kila kinacholiwa kikiwekwa kwanza kwenye sahani, hata karanga kumi. Munkoyo sikuuacha, nakunywa glasi moja usio na sukari siku ya Jumapili. Kilo saba zimeondoka, nne zimebaki, na daktari wangu hana wasiwasi nazo.

Bia ni habari nyingine. Baada ya upasuaji pombe huingia damuni haraka na kwa nguvu zaidi, na glasi moja inaweza kumlewesha mtu ambaye zamani hakulewa kwa chupa mbili, kwa hiyo nimeiacha kabisa.

Pagumu kuliko pote ni kilioni na arusini, ambapo kukataa chakula huonekana kama kumkataa mwenyeji, na mwanamke aliyepungua ghafla husemwa kwamba ana ugonjwa anaouficha. Mwanzoni nilidanganya kwamba nimeshiba, na shangazi yangu akaumia sana. Baadaye nikamwendea peke yake nikamwambia, "Shangazi, madaktari wamenipunguza tumbo, nikizidisha nitatapika mbele ya watu." Alinilaumu kwa kumficha, wala hakugusia chakula. Siku hizi yeye ndiye anayenitengea kipande cha samaki kisicho na miiba kabla watu hawajapakuliwa. Yeyote anayejiandaa kupasuliwa aongee na anayepika nyumbani kwake kabla hajasafiri, amweleze kipimo cha sahani na sababu yake, kwa sababu atakaporudi atakuwa dhaifu, na maelezo hayo yatamshinda.